Sikio la Nakwang

Ulipomwambia Achol yale maneno jana, mimi nilikuwa nyuma ya mlango na kamba mkononi. Hukuniona. Achol alikuwa amekuja kukuonyesha mkeka wake mpya, ule mama yake alimsukia wa kulalia huko shule ya masista Lodwar. Alikuwa anacheka. Alisema mtachukua kitanda kimoja cha juu na chini, yeye juu, wewe chini, kwa sababu wewe unaogopa kuanguka. Wewe ulikuwa umekaa kwa mchanga umemshika Nakwang, mbuzi yako, shingo. Ukamwambia, "Mimi silali na wewe. Nyinyi ni wezi. Kaka yako alikula mbuzi ya babu Lomuria. Hata wewe utakula vitu zangu."

Achol alisimama. Alikunja mkeka wake pole pole, akauweka kichwani, akaenda. Na wewe ukaendelea kumkuna Nakwang sikio. Lile la kushoto, ambalo halina ncha.

Akiru, nakuandikia juu ya hilo sikio.

Kesho asubuhi gari ya masista inawachukua, wewe na Achol. Mambo ya sabuni na blanketi na kufunga sanduku, mama yako ameshakuambia mara tatu, mimi sirudii. Na kuongea unajua siwezi. Nikikuita nikuambie kwa mdomo, nitaangalia miguu yangu, nitakuuliza kama umekunywa chai, basi, itaisha hapo. Ndio nimechukua kitabu yako ya hesabu iliyoisha, huku nyuma iko na karatasi safi. Wewe unasoma kuliko mimi. Mimi niliishia darasa la nne kule Katilu, mwaka wa njaa. Baba yangu alitupeleka kwa mashamba ya maji ya Turkwel, na shule ilikuwa na uji. Uji ilipoisha, na sisi tukaisha. Kwa hivyo mahali nimekosa kuandika, wewe tengeneza kwa kichwa yako tu, usimwonyeshe mwalimu.

Hiyo mbuzi si yako. Si yangu pia. Ni ya Lomuria.

Nimeandika. Nimekaa hapa kidogo nikaangalia hiyo maneno, na haijafutika.

Ilikuwa miaka nne imepita, wakati wa kiangazi. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa bado unalala katikati yetu. Jioni moja mbuzi zetu zilirudi kutoka lagani, kule kwa mto mkavu, na moja zaidi. Jike, nyeupe, jicho moja limezungukwa na nyeusi, na tumbo iko karibu kuzaa. Niliangalia sikio mara moja. Alama ya Lomuria unaijua, anapasua ncha ya sikio la kushoto, mpasuko mdogo tu. Yetu sisi, kutoka kwa babu yangu, tunakata hiyo ncha yote.

Na mambo ya mbuzi iliyopotea hata wewe unajua. Unaifunga kando. Asubuhi unatuma neno, ama unaipeleka kwa maji, unapiga kelele, "Hii ni ya nani?" Mwenyewe anakuja, anakuchekesha kidogo, anakupa tumbako, imeisha. Hakuna mtu anauliza ilifikaje. Mbuzi hupotea.

Ile jioni nilisema, kesho. Sikuwa na ubaya. Nilikuwa nimechoka, na wewe unajua vile Lomuria ni mtu ya sauti. Ukienda kwake lazima atakufanyia mchezo mbele ya watu. Siku zote alikuwa ananiambia, "Wewe Ewoi, mbuzi ikikupiga teke hutasema hata ai." Watu wanacheka, na mimi natafuta mahali pa kuweka macho. Nikasema, nitaenda kesho, asubuhi sana, watu wakiwa wachache. Kesho ikafika, watu walikuwa wengi. Nikasema, kesho kutwa. Usiku huo mbuzi ikazaa. Nilikamua, nikakupa kwa kikombe yako nyekundu, ukamaliza ukalamba ukingo.

Mtu mwingine angeandika hapa kwamba alifanya kwa sababu ya mtoto. Mimi pia nilijiambia hivyo, muda mrefu sana. Lakini nakuomba usibebe hiyo. Hukulala njaa wakati ule, tulikuwa na unga ya kambi ya wakimbizi ambayo nilikuwa nabadilisha na kuni. Niliitaka tu. Niliiangalia ikilisha ile mtoto yake nikaona inapendeza kwa zizi langu.

Siku ya tatu nilikuwa ndani ya kisima, pale lagani, mimi ndio nilikuwa chini kabisa. Mwenzangu Ekal alikuwa juu yangu ananipokea ndoo, mwingine anapokea kwake, mpaka juu kwa mbuzi. Lomuria akaja akasimama ukingoni. Nikaona miguu yake, viatu vya tairi.

"Nyinyi wa chini huko, mmeona mbuzi yangu? Nyeupe, jicho moja nyeusi."

Ekal akasema hapana. Yule mwingine akasema hapana.

"Na wewe bubu?"

Mimi nilitingisa kichwa.

Hiyo tu, Akiru. Sikufungua mdomo. Mpaka leo naweza kusema sikusema hata neno moja la uongo siku ile, na hiyo ndiyo ilinisaidia kulala. Nilitingisa kichwa, nikainama, nikajaza ndoo ingine.

Watu wanafikiri mtu anaiba kwanza halafu anadanganya. Mimi nilidanganya kwanza. Nilipotoka kwa kile kisima mbuzi ilikuwa bado haijaibwa, ilikuwa imepotea tu, na mimi nilikuwa nimeshaikana mbele ya watu wawili. Sasa nikirudisha, nitasema nini? Kwa hivyo jioni nikachukua kisu nikakata ile ncha. Mpasuko ya Lomuria ilikuwa kwa ncha, ikaenda na ncha. Nikapaka jivu. Ile kipande nilifukia chini ya jiwe ya jikoni, hata mama yako hakujua anapikia juu ya nini.

Mama yako aliuliza, "Hii ni ya nani?" Nikamwambia ni ya rafiki yangu wa Katilu, tulisoma naye, anaitwa Ebei, tulikutana njiani akanipa ili urafiki isife. Hakuna Ebei. Lakini unamjua mama yako, akipewa kitu hapati usingizi mpaka arudishe shukrani. Mwezi haukuisha akafunga tumbako kwa kitambaa, akasema nikipata mtu anaenda Katilu nimpe, apelekee Ebei. Nikachukua. Mwezi ingine tena, na mafuta ya maziwa kwa kibuyu kidogo. Ebei alikuwa anaulizwa hapa nyumbani kuliko ndugu zangu. Ebei ameoa? Ebei mtoto wake amepona? Nilimwoza huyo mtu, nikamzalia watoto, mmoja nikamwua kwa malaria, na mama yako alilia. Alilia kweli, Akiru, alikaa pale nje na kanga usoni, kwa mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa. Mimi nilikaa karibu naye nikamshika bega.

Mambo ya mbuzi ni mambo ya mbuzi. Hiyo ya mama yako kulia, hiyo naionaga hata nikiwa kanisani.

Sasa nikuambie ya Majok, kaka ya Achol.

Majok nilimjua kabla ya hii yote. Walipokuja kutoka Sudan, yeye na mama yake na Achol akiwa mgongoni, mimi ndio nilikuwa nawapelekea kuni. Mama yake ananipa mahindi, mimi namwachia mzigo. Majok alinifundisha kuhesabu mpaka kumi kwa Kiarabu yao na mimi nikamfundisha ejok, salamu yetu. Alikuwa anasema vibaya makusudi, ili tucheke. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na sita hivi, mrefu kama mti ya simu, na Jumapili ndiye alikuwa anapiga ngoma.

Wiki mbili baada ya kisima, watoto wa Lomuria wakaokota ngozi nyeupe karibu na mahali vijana wa kambi walikuwa wanakata miti. Ngozi ya mbuzi ingine tu. Kwani mbuzi nyeupe ni moja hapa Kakuma? Lakini siku hiyo Majok alipita lagani na mtungi wake wa maji, akiwa peke yake, na watu walikuwa na hasira ya miti na hasira ya kiangazi. Wakamshika. Nilikuwa hapo. Nilikuwa karibu hivi, kama kutoka kwa mlango wetu mpaka kwa zizi. Mtungi yake ilianguka ikaviringika ikafika kwa miguu yangu, nikaiokota. Nikaishika. Wakati wote wanampiga, mimi nilikuwa nimeshika mtungi isimwagike.

Aliniona. Alikuwa amefunika kichwa na mikono, akaniona kwa katikati ya mikono, akasema, "Kelem, ya akhui! Sema, ndugu yangu! Wewe unanijua!"

Lomuria akageuka. "Ewoi, unamjua huyu?"

Watu wote waliniangalia. Na mimi nikafanya ile kitu najua kufanya. Nikaangalia miguu yangu.

Fimbo moja ilimpata kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Hicho kidole hakikunjiki mpaka leo. Kanisani sasa ngoma inapigwa na mtu mwingine, na Majok anakaa nyuma, karibu na mlango. Na wewe unasema ni mwizi. Neno hilo wewe ulitoa kwa watoto wenzako, watoto walitoa kwa mama zao, mama zao walitoa lagani. Na lagani walitoa kwangu. Jana nilisikia uongo yangu ikitoka kwa mdomo wako, na sauti yako nzuri, na ulikuwa hata hujui ni yangu.

Akiru, mimi na wewe tunafanana. Watu wanasema hivyo na ni kweli. Mgeni akija unaficha uso. Ukiulizwa, unaweka kidole mdomoni. Na watu wanapenda mtoto wa hivyo, wanasema ana adabu. Na mimi pia walinipenda. Mwaka uliopita wanajumuiya walinichagua mwenyekiti, unakumbuka, mlikula mchele. Mama mmoja alisimama akasema, kwa jina langu la ubatizo, "Tumpe Yohana, huyu hana neno baya na mtu." Watu wakapiga makofi. Nikainama, wakapiga zaidi, wakafikiri ni unyenyekevu.

Sikatai upole. Kuna watu wapole kweli, mama ya Achol ni mmoja. Lakini wewe ukijiona umenyamaza, jiulize umenyamaza kwa nini. Kama umenyamaza ili usimwumize mtu, sawa. Kama umenyamaza ili usiumizwe wewe, na mwingine anaumizwa mahali pako, hiyo haina jina nzuri hata kama watu wanaipigia makofi.

Hata kwa Padre nilienda. Usifikiri sikuenda. Nilipiga magoti kwa kitubio nikasema, "Padre, nimedanganya." Akaniuliza, "Umemdanganya nani?" Nikasema, "Watu." Akangoja. Mimi pia nikangoja. Alinipa sala za kusema, nikazisema zote, nikatoka nje nikajisikia mwepesi siku mbili. Siku ya tatu nikakutana na Majok kwa njia ya kisima. Alinisalimia. Ule wepesi ukaisha. Nilikuwa nimempelekea Mungu kifurushi bila kufungua, ile namna nilikuwa nafanya na tumbako ya Ebei.

Na halafu kuna ile mafundisho ya Yesu, kwamba ukileta sadaka yako mpaka madhabahuni, na hapo hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno na wewe, acha sadaka chini, nenda kwanza upatane naye, ndio urudi. Nilikuwa naisikia kila mwaka. Nilikuwa nasema mimi sina sadaka kubwa, maziwa kidogo, hainihusu. Jana usingizi ilikataa kwa sababu nilielewa kesho napeleka nini kwa masista. Nakupeleka wewe. Kitu kizuri sana nimewahi kupata, nakishika mkono nakipandisha kwa gari, na kaka ya yule mtoto anayekaa kando yako ana neno na mimi miaka nne.

Kwa hivyo leo asubuhi, wewe ukiwa bado umelala, nilimwamsha mama yako nikamwambia. Yote. Nilianza na Ebei kwa sababu niliogopa hiyo kuliko zingine.

Alijifunga kanga. Halafu akasema, "Kwa hivyo ile tumbako yangu yote ulitafuna wewe?"

Nikasema, "Nilitafuna."

"Na mafuta?"

"Nilikunywa njiani."

"Na yule mtoto wa malaria?"

Alicheka, lakini haikuwa ya kufurahi, alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akanigeuzia mgongo. Nikafikiri ndio imeisha hivyo. Baadaye, bila kunigeukia, akasema, "Mimi nilikuwa nawaambia wanawake kisimani, bwana yangu hawezi kudanganya, hana maneno ya kutosha." Akaamka akawasha moto. Mpaka saa hii hajaniita baba Akiru. Ananiita wewe. Usimwulize kitu, mwache. Hiyo ni yetu.

Nikaenda kambini. Majok alikuwa anakanyaga matope ya matofali, suruali imekunjwa. Nikasema ejok. Akajibu, "Ejok, mwenyekiti. Karibu kwa udongo."

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaulizia hali ya mama. Niliangalia uso wake, Akiru. Ilikuwa ngumu kama kuangalia jua, lakini niliangalia. Nikamwambia ile mbuzi iko kwangu, tangu siku ile iko kwangu, nilikata sikio kwa mkono wangu, na wakati yeye anapigwa ilikuwa zizini inanyonyesha.

Aliacha kukanyaga. Matope ilikuwa inatoka kwa vidole vya miguu.

"Unajua," akasema, "mimi nilikuwa nakuonea huruma. Miaka nne! Nilimwambia mama, usimkasirikie Yohana, anaogopa watu wake, angesema wangemfukuza. Nilikuwa nakuombea kwa sala. Kumbe ulikuwa unaogopa mbuzi!"

Nikamwambia anisamehe.

"Hiyo tutaona."

Nikamwambia nitamletea mbuzi, yangu, si ya Lomuria. Hapo ndio alikasirika. Alitoka kwa matope akaja karibu.

"Mbuzi nitaipeleka wapi mimi? Waseme tena nimeiba? Sikia, Yohana. Hapa kwangu unaongea vizuri sana. Lakini hapa kila mtu anajua mimi si mwizi. Mama anajua. Achol anajua. Hata hawa kuku wanajua. Mimi nilipigwa wapi?"

"Lagani."

"Mbele ya nani?"

"Watu wa Lomuria."

"Basi nenda useme pale. Palepale. Na mimi nitakuja nisimame, nione mdomo yako ikifunguka."

Nilitaka kuondoka, akaniita. Akaniambia jana Achol alirudi akasema hataki tena kwenda Lodwar. Alimwuliza sababu, Achol akasema tumbo inauma. "Tumbo ya jana," akasema, "ilikuwa inaimba tangu asubuhi." Nafikiri alijua ni nani alimwambia Achol yale maneno, na hakukutaja. Hata mbele yangu amekataa kumtaja mtoto wangu. Uweke hiyo mahali.

Sikuambii umpende Achol leo. Kupenda mtu haiji kwa barua. Lakini utalala naye chumba moja, mtakula sufuria moja, na siku ingine mtu atapoteza kalamu ama mkate, na macho yote yatamgeukia yule wa kambi. Wewe utakuwa hapo. Utajisikia miguu yako inataka kuangaliwa. Siku hiyo ukumbuke mtungi. Usishike mtungi ya mtu anayepigwa ukafikiri umemsaidia.

Na ukikosa wewe, sema siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni neno moja tu, "Mbuzi yako iko kwangu." Siku ya tatu ni kisu. Baada ya hapo unahitaji Ebei, na bibi ya Ebei, na watoto wake, na unaanza kuwalisha watu ambao hawapo na chakula ya watu walioko.

Usiku kucha nilikuwa nafikiri, nikuache uende kwanza, nitarekebisha pole pole ukiwa huko, usiharibikiwe na safari. Nikaona hiyo ni ile "kesho" yangu tena. Ungeenda na ile maneno mdomoni ukaitapika kwa Achol Lodwar yote. Afadhali uende ukiwa na aibu ya baba yako kuliko uende na uongo yake.

Kwa hivyo leo ukirudi hapa na mama yako kutoka kwa masista wa hapa misheni, mahali umeenda leo, hutamkuta Nakwang. Wala wale watoto wake watatu, hata yule mweusi uliyekuwa unamlalia. Najua utalia. Lia. Mimi sikupi mwingine badala yake, kwa sababu sijui zizini kwetu itabaki nini. Unajua desturi, anayekata sikio ya mbuzi ya mtu harudishi moja. Lomuria anaweza kuchukua zote, na wazee watasema ni haki yake, na mimi sitabisha. Wanaweza pia kunipiga. Jumapili nitamwambia Padre achague mwenyekiti mwingine, na nitamwambia ni kwa nini, safari hii nikiwa nimefungua kifurushi. Shule yako haihusiki, masista wameshakuandika, hiyo hakuna mtu anachukua. Na nikija kukuaga kesho na uso imevimba, usiangalie chini. Niangalie. Mimi nitakuwa nakuangalia.

Kuna kitu kimoja nakuomba, si amri. Jioni hii, kabla ya giza, enda kwa kina Achol. Usiseme mengi, sisi hatujui mengi. Mwambie tu, "Ni baba yangu alichukua." Najua ni ngumu. Majok ni mpole kwa watoto. Kama Achol atakubali kulala kitanda ya juu, vizuri. Kama hatakubali, umwache, bebeni tu masanduku pamoja.

Barua hii nampa mama yako. Amefunga kamba kwa zile mbuzi nne yeye mwenyewe, sikumwomba, nimemwona kwa mlango, anamwambia Nakwang kitu kwa sikio ile iliyokatwa, sijui ni nini. Sasa anakuja kukuchukua wewe huko kwa masista.

Mimi nimevaa shati. Kutoka hapa naona vumbi lagani. Mifugo ya Lomuria inakunywa ya mwisho, leo anahama kwenda milimani upande wa Lokichoggio, na hatarudi mpaka mvua. Wanaume wote wako hapo, hata Ekal. Na Majok ameshafika. Namwona, amesimama ukingoni kando ya kile kisima, peke yake, mikono nyuma, na watu wameanza kugeuza vichwa kumwangalia. Lazima niende sasa hivi, Akiru, kwa sababu hiyo ni mara ya pili anasimama pale, na sitaki wamfikie kabla yangu.

Baba yako,
Ewoi Yohana